Mashtaka ya Bibi Elinami

Vijana mlioingia ofisini baada yangu mmeniomba niandike kidogo juu ya miaka yangu bwawani, kabla sijasahau au kabla sijaanza kutia chumvi. Kutia chumvi nilianza zamani, lakini nitajitahidi. Habari za vyeo na mishahara sitaziandika, maana vyote viwili vilikuja kwa kuchelewa na havikunifundisha kitu. Nitawaandikia habari za samaki ambao hakuna aliyekwenda kuwatafuta, na jinsi walivyokaribia kutufungia mwalo wetu wa kushushia samaki.

Mimi ni Mchaga wa Kirua Vunjo, kule mlimani. Nimekulia kwenye migomba, ng'ombe wa zizini na mfereji unaopita nyuma ya jiko. Kabla ya kwenda chuo, maji mengi niliyowahi kuyaona mahali pamoja yalikuwa kwenye pipa la mama. Samaki kwetu hatukula. Wazee waliwahesabu kuwa ndugu wa nyoka, na bibi yangu alikuwa akivuka upande wa pili wa barabara akimwona mtu kabeba dagaa. Nilipopangiwa kazi kule bwawani, chini tambarare, mama aliniuliza mbele ya wageni:

"Kwa hiyo umesoma miaka yote hiyo ukachunge samaki? Kuku angalau jioni wanarudi wenyewe."

Nikafunga mizigo nikashuka.

Nilifika mwalo wa Mgungani asubuhi moja nikiwa nimevaa gambuti mpya na koti zito la Kirua, kwenye joto lile la bwawani ambalo hata mbuzi hutafuta kivuli. Wavuvi walikuwa wamezoea kumwita afisa wao Bwana Samaki, kama wakulima wanavyosema Bwana Shamba. Waliponiona walishauriana kidogo kwa sauti ya chini, wakaamua niitwe Bwana Samaki wa Kike. Nilipopata mtoto ndipo nikapandishwa kuwa Mama Samaki. Hicho ndicho cheo pekee nitakachokitaja hapa.

Aliyenipokea ni Mzee Mchome, Mpare mwembamba aliyekuwa anakaribia kustaafu. Alikuwa na sifa mbili. Ya kwanza, aliogopa maji kuliko mimi, na katika miaka yake yote hakuwahi kupanda mtumbwi bila kusali kwanza. Ya pili, alijigamba kwamba anaweza kutambua upana wa macho ya wavu kwa kuutazama tu kutoka barazani. Mimi nilikuwa na kipande changu cha mbao, nimechongewa na fundi seremala wa Himo, cha kuingiza kwenye jicho la wavu. Kikipita vizuri, wavu ni halali. Kikikwama, macho ni madogo mno, wavu unazoa mpaka watoto wa samaki. Kila Mzee Mchome alipokisia, nilipima, na kila nilipopima nilikuta amekosea. Lakini alikosea kwa kujiamini sana, mpaka wavuvi wenye nyavu mbaya walizikunja wenyewe na kuondoka kabla sijainama. Nikajifunza kwamba kwenye kazi hii sauti nayo ni kifaa.

Jambo jingine alilonifundisha lilikuwa la maana zaidi. Yeye alikaa siku zote amelipa bwawa mgongo. Nikamuuliza, mzee, mbona huwatazami wavuvi? Akasema, "Wavuvi wana maneno. Tazama akina mama wanakuja na beseni gani." Wachuuzi wetu walijua hali ya bwawa kabla ya ofisi. Wakija na beseni kubwa, perege wapo. Wakija na vibeseni vidogo vya kunawia uso, ujue wanafuata kitu kingine.

Sasa niwaeleze hicho kitu kingine. Leseni zetu zilikuwa za kuvua perege wakubwa. Lakini wavu haujui kusoma leseni. Humo humo huingia watoto wa perege, kambale wenye ndevu zao, mara kobe wa maji, na siku moja kiatu cha shule kilichofungwa kamba vizuri kabisa. Ofisini tunawaita samaki wasiokusudiwa. Wavuvi waliwaita wazamiaji, kwa kuwa wameingia kwenye sherehe bila kadi.

Mgawo ulikuwa hivi. Perege waliokusudiwa waligawanywa kati ya mwenye mtumbwi na wavuvi wake. Wazamiaji hawakuhesabiwa. Kwa desturi walikuwa mboga ya wavuvi wenyewe, na mwenye mtumbwi hakuwa na neno. Desturi nzuri, ya huruma, na ndiyo iliyotuponza. Maana fikirieni: samaki uliyemkusudia unagawana, samaki wa bahati mbaya ni wako peke yako. Basi bahati mbaya zikaanza kuongezeka. Kila wiki macho ya nyavu yalipungua kidogo, na kila asubuhi wavuvi walishuka wakitikisa vichwa kwa masikitiko, "Yaani Mama Samaki, leo tena, sijui tumekosa nini." Nimeona bahati mbaya nyingi maishani, lakini hizi zilikuwa za kwanza kuja na beseni lake tayari.

Nahodha aliyeongoza kwa bahati mbaya aliitwa Masanja, Msukuma mrefu mwenye kicheko cha kusikika ng'ambo. Alikuja bwawani kijana akiwa na mama yake mgonjwa, akamuuguza hapo, akamzika hapo, chini ya mgunga ulio nyuma ya mwalo. Akamwoa binti wa Kichaga ambaye wazazi wake walishuka kulima mahindi tambarare. Mtu huyu hakuwa na kwingine kwa kwenda. Nawaambia mapema kwa sababu wakati huo ofisi kubwa ilituletea neno, na neno lenyewe lilikuwa fupi: ukaguzi ujao wakikuta watoto wa perege wanashushwa, Mgungani inafungwa. Mitumbwi itahama, wachuuzi watahama, vibanda vitavunjwa.

Nilimpelekea Masanja habari hiyo akiwa anashona wavu. Hakucheka.

"Wakifunga," alisema, "kaburi la mama nalichukua na nini?"

Nilirudi ofisini. Usiku huo sikula, na si kwa sababu chakula kilikuwa samaki.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa la kitaalamu, kwa hiyo lilishindwa. Nilitangaza kwamba wazamiaji wote wa mitumbwi yote watamwagwa mahali pamoja na kugawanywa mafungu sawa. Mnaijua ile njia ya zamani: mmoja anageuka nyuma asione, mwingine ananyooshea kidole fungu na kuuliza "La nani?", naye aliyegeuka anataja jina. Niliona hakuna haki inayozidi hiyo. Kumbe nilikuwa nimemwambia kila nahodha kwamba akileta wachache ataonekana mdoezi wa vya wenzake, na hakuna aliyetaka jina hilo. Wote wakaleta wengi zaidi. Halafu mafua yakaingia mwaloni. Kila mara kidole kilipofika kwenye fungu lenye kambale mnene, Masanja alikohoa, na rafiki yake aliyegeuka nyuma akataja, "La Masanja!" Wiki ya pili manahodha wote walikuwa wanakohoa, hakuna anayesikia jina la mtu, na fungu moja la kambale likapewa mvuvi tuliyekwisha kumzika.

Mzee Mchome alinitazama, akageuza kiti chake, akaendelea kulipa bwawa mgongo.

Mwisho wa wiki nikapanda Kirua. Mpwa wangu alikuwa amepata kipaimara, na baba alichinja mbuzi. Wasio wa kwetu niwaeleze kwamba mbuzi wetu hagawanywi kwa mizani wala kwa mafungu. Kila kiungo kina mwenyewe tangu mbuzi yuko hai. Nyumbani kwetu kidari kilikuwa na mtu wake, shingo ina mtu wake, mguu fulani ni wa mjomba, na hakuna anayebishana, hata mtoto mdogo anajua. Lakini si hilo lililonifungua macho. Baba alinikabidhi mguu wa mjomba umefungwa kwenye jani la mgomba, akasema, "Peleka wewe mwenyewe. Na usimrushie mlangoni kama gazeti."

Mjomba wangu anakaa mbali, ng'ambo ya korongo. Unashuka, unapanda. Ukifika huwezi kutua nyama ukaondoka. Unakaa. Unaulizwa habari za nyumbani, za kazini, za bwawani. Unaletewa mbege, pombe yetu ya ndizi, au chai kama ni mtu wa kanisani sana. Nyama inaombewa. Mjomba anakusimulia ugomvi wa mpaka wa shamba uliokwisha kabla hujazaliwa. Tulipokuwa watoto, mimi na dada zangu tulimwomba Mungu wazi wazi baba asichinje, si kwa kuwahurumia mbuzi, bali kwa kuhurumia miguu yetu. Nikiwa nimekaa pale, mbege mkononi, mjomba yuko kwenye ugomvi wa mpaka wa pili, ndipo nikaona. Kosa langu lilikuwa kuwafanya wazamiaji kuwa chakula. Walitakiwa wawe safari.

Jumatatu nikashuka moja kwa moja mpaka kwa Bibi Elinami.

Huyu ndiye mama mkwe wa Masanja. Alikuwa mjane, Mlutheri wa kiti cha mbele, mkubwa kwa umri kuliko mtu yeyote pale tambarare. Nyumba yake ilikuwa juu ya kilima cha mawe, mbali na mwalo, na aliishi na nguruwe mmoja tu baada ya watoto wote kuolewa na kutawanyika. Nikamwamkia, nikakaa, nikajibu habari za nyumbani zote, kisha nikamwomba akubali kuwa mwenye wazamiaji.

"Samaki? Mimi?" Akashika kifua. "Ee Ruwa, Mungu wangu! Nile nyoka ya majini uzee huu?"

"Si lazima ule, bibi. Unaweza kumpa nguruwe."

Akafikiri. Kisha akauliza swali ambalo wakati huo sikulitilia maanani.

"Wakileta, watakaa?"

Nikamwambia watakaa. Akakubali.

Nikaitisha mkutano mwaloni. Nikawaambia manahodha kwamba kuanzia kesho wazamiaji wana mwenyewe, kama kidari kilivyo na mwenyewe. Aliye hai unamrudisha majini pale pale, upesi, kabla hajachoka. Aliyekufa ni wa Bibi Elinami. Nahodha ambaye wavu wake umemleta atampeleka kwa mkono wake, hatatuma mtu, na hatauza perege hata mmoja mpaka bibi awe amepokea.

"Ni hapo tu juu," alisema Masanja akicheka. "Ni mama mkwe wangu yule. Nafika, naacha, narudi."

Wenzake waliooa Uchagani walitazama chini.

Kesho yake asubuhi bahati mbaya ilimpata Masanja kama kawaida, ndoo nzima. Akapanda kilima. Wachuuzi wakakaa na beseni zao wakisubiri perege wake. Jua likapanda. Perege nao, mnawajua, hawana subira. Mama Rehema, mchuuzi wetu mkubwa, alimbonyeza mmoja tumboni, akatikisa kichwa, akaenda kununua kwa mtumbwi mwingine. Masanja alirudi wachuuzi wote wameshaondoka, akakaa juu ya ukingo wa mtumbwi, akavua kofia.

"Mama Samaki," alisema, "nimepatikana."

Yaliyompata aliyasimulia kwa uchungu. Bibi Elinami alimpokea vizuri mno. Alimuuliza habari za mke, za watoto kila mmoja kwa jina, za shangazi wa Shinyanga, za ng'ombe wa shangazi. Akawaombea wote, ng'ombe wakiwemo. Akasimulia jinsi marehemu mumewe alivyobeba kahawa kichwani mpaka chama cha ushirika. Halafu akaleta sahani ya kiburu, ndizi na maharage, imejaa mpaka ukingoni. Hapo ndipo penye mtego. Kwao Masanja, mkwe hali chakula mbele ya mama mkwe, ni aibu kubwa. Kwa Bibi Elinami, mgeni haondoki bila kula, ni matusi. Basi wakatazamana. Kiburu kikapoa.

"Kula, mkwe."

"Nimeshiba, mama."

"Umeshiba nini, na umetoka majini? Kula."

"Mama, kwetu..."

"Kwenu ni kwenu. Hapa ni kwa nani?"

Walikaa hivyo mpaka nguruwe akaanza kupiga kelele. Mwishowe bibi mwenyewe aliinuka, akageuza kiti, akatazama ukuta, akaanza kuimba wimbo wa kanisani, beti zote. Masanja akala upesi upesi nyuma ya mgongo wake. Alipomaliza, bibi akageuka, akaona sahani tupu, akafurahi, akaongeza.

Siku iliyofuata niliona jambo ambalo sikuwahi kuliona tangu niajiriwe. Masanja aliniletea wavu wake mwenyewe ofisini nipime macho. Kipande changu cha mbao kilikwama. Akaukunja, akautoa wavu wake wa zamani ulio na macho mapana, aliokuwa ameuanika juu ya banda la kuku. Nahodha wa pili alifika kwa Bibi Elinami mara moja tu, siku ambayo bibi alikuwa na wageni wa kwaya, akarudi amejiunga na sauti ya tatu. Nahodha wa tatu alisingizia mguu. Niliamuru asubiri mguu upone, perege wake nao wasubiri. Mguu ukapona hapo hapo.

Bahati mbaya zikaisha. Sijui niseme vipi ili mniamini. Wavuvi walikuwa wakiinua wavu katikati ya bwawa na kuwatoa kambale kwa upole, wakiwarudisha majini kwa mikono miwili, huku wakiwasihi waogelee. Wavu ukizoa watoto wa perege, mtumbwi mzima ulipiga kelele, "Haraka, haraka, hajafa huyo!" Akina mama wakaanza kuja na beseni kubwa. Mzee Mchome aliziona, akageuza kiti chake akalitazama bwawa, kwa mara ya kwanza. Alistaafu mwezi huo. Alisema sasa amemaliza.

Kisha wakaja wakaguzi.

Walikuwa wawili, na mkubwa wao alikuwa mtu wa miwani na viatu vya kung'aa, asiyependa kudanganywa. Nampa haki yake, alikuwa anaijua kazi. Alisimama mwaloni mitumbwi ikishusha, akachungulia kila chombo. Perege wakubwa. Perege wakubwa. Perege wakubwa tu. Uso wake ukazidi kukaza.

"Mmewaficha wapi?" aliniuliza.

"Nani, bosi?"

"Wadogo. Mwaka jana walijaa hapa. Wavu wa bwawa hili lazima ulete samaki wa bahati mbaya. Mwalo usiokuwa na hata mmoja ni mwalo wa waongo."

Nikamweleza wanarudishwa wakiwa hai. Akasema kila mwalo unasema hivyo. Nikataka kumweleza habari ya mguu wa mbuzi na mjomba wangu, nikaona jinsi itakavyosikika, nikaacha. Walipekua mitumbwi. Walipekua vibanda. Walifunua sufuria ya mama lishe wakakuta maharage, wakayakoroga wakitafuta macho. Kila walipokosa kitu, mkubwa alizidi kuamini kwamba tumeficha vizuri. Masanja alikuwa amesimama karibu na ule mgunga wa nyuma, mkono mmoja kwenye shina. Tulikuwa tumefanya kila tulichoambiwa, na tulikuwa tunafungiwa kwa sababu hiyo.

"Nitapendekeza pafungwe," alisema mkubwa, "mpaka mtakapoamua kusema ukweli."

Hapo tukasikia fimbo kwenye mawe. Bibi Elinami alikuwa anashuka kilima, kitenge cha akina mama wa kanisani kiunoni, kilemba cheupe. Hajawahi kukanyaga mwaloni hata siku moja, kwa ajili ya harufu. Alipita katikati ya mitumbwi, pua ameikunja, mpaka mbele ya yule mtu wa miwani.

"Wewe ndiye mkubwa wao?"

"Shikamoo, bibi. Ndiyo."

"Marahaba. Nina mashtaka."

Masanja alifumba macho. Mimi niliomba ardhi ipasuke, na nikachagua kabisa mahali.

"Hawa," bibi akatuzungushia fimbo wote, "walikuwa wananiletea visamaki. Vidogo hivi, macho matupu, na yale mengine yenye ndevu. Kila siku wanaleta. Sasa wameniacha! Wa kwanza ni huyu mkwe wangu. Tangu maharage yangu yatoe maua mpaka nimevuna, sijaona hata mkia. Andika."

Mkubwa akavua miwani. "Hata mmoja, bibi?"

"Nakwambia hata mkia! Unafikiri mzee kama mimi naweza kuteremka huku kwenye uvundo nikudanganye? Nenda ukamwone nguruwe wangu. Alikuwa hivi." Akapanua mikono. "Sasa mbavu unazihesabu."

Yule mtu alikuwa mkaguzi kweli kweli. Akapanda kilima na viatu vyake vya kung'aa, akamkagua nguruwe. Tulibaki chini tukitazama juu kama watu wanaosubiri jina lisomwe. Alikawia sana, na tulijua kwa nini: alikuwa amekalishwa. Aliporudi alikuwa na doa la maharage kwenye shati na shavu moja bado linatafuna.

"Nguruwe amekonda," alimwambia mwenzake. "Hakuna samaki wadogo wanaoshushwa hapa." Kisha akanigeukia. "Pasifungwe."

Kelele zilizopigwa sijawahi kuzisikia tena. Mama Rehema aligonga beseni lake mpaka likapata kibonyeo. Masanja hakupiga kelele. Aliweka paji la uso kwenye shina la ule mgunga akakaa hivyo, na mimi nikalia waziwazi, na gambuti zangu, na sikuona haya.

Katikati ya furaha nikamwona Bibi Elinami peke yake, anaanza kupanda kilima chake taratibu. Nikamkimbilia. Nikamwambia, bibi, umetuokoa, na nguruwe tutamletea pumba, gunia zima.

Akasimama. "Nguruwe atakula pumba," alisema. "Na mimi je? Mimi nitakaa na nani?"

Nikakumbuka alivyoniuliza siku ile kama watakaa. Mwanamke huyu hakuwahi kutaka samaki. Nilikuwa nimemfanya adhabu ya watu, na adhabu ilifanya kazi vizuri mpaka ikamwacha peke yake. Nimefanya hesabu nyingi katika kazi hii, za macho ya nyavu na mafungu, lakini hiyo sikuipiga, na iliniuma. Bado inaniuma.

Nje ya ofisi nilikuwa nimepanda isale, lile jani la kwetu linalopelekwa mtu anapoomba radhi. Lilikuwa limekonda kwa joto, lakini lilikuwa hai. Mchaga ukimletea isale hawezi kukukatalia, hata ukiwa umemkosea namna gani. Nikakata jani moja nikampa Masanja, nikamwambia maana yake. Jioni ile alichagua kwenye fungu lake mwenyewe perege mkubwa kuliko wote, aliyekusudiwa kabisa, akapanda kilima na jani mkono mmoja na samaki mkono wa pili. Tulisikia wimbo wa kanisani kutoka juu, beti zote, kwa hiyo tukajua kwamba anakula.

Baada ya hapo manahodha walijipangia zamu wenyewe, bila tangazo langu. Kila Jumapili mmoja alipanda, mikono mitupu au na perege mzima, akakaa. Bibi hakuonja samaki mpaka mwisho, lakini nguruwe alinenepa tena. Na siku alipotutoka, waliobeba jeneza lake kushuka kilima cha mawe walikuwa manahodha wa Mgungani, na wote waliijua sauti ya tatu.

Mimi sasa niko Kirua. Asubuhi nakunywa chai, nawasikiliza ng'ombe, nausubiri mchana, kisha nausubiri jioni. Simu yangu inashika mtandao vizuri kabisa, nimeipeleka kwa fundi akahakikisha. Mwezi uliopita nilimpigia Mama Rehema nikamwambia awafikishie wa mwaloni kwamba nina mashtaka.

Juzi mbwa wakabweka. Nikatoka. Masanja alikuwa amesimama kwenye migomba, mvi kichwani, anahema kwa kupanda, perege amefungwa kwenye gazeti, na jani la isale mkononi.

"Mama Samaki, nimepita mara moja tu," alisema. "Gari la kushuka linaondoka sasa hivi."

Nikapokea isale. Nikapokea samaki. Nikamvutia kiti, nikaweka kiburu mbele yake, kimejaa mpaka ukingoni, nikaanza kumuuliza habari za shangazi wa Shinyanga.